Nani anaruhusiwa kuandika njia? Historia ya mlango wa ruta

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zimenizidi. Juzi nilikuwa nikipekua CD zangu za zamani nikitafuta picha, nikakutana na faili niliyoiandika mwaka wa 2004 kwa lugha ya Perl. Nilipoifungua moyo ulinidunda kidogo. Hiyo ndiyo skripti iliyonifanya nijifunze kila nitakachowaeleza leo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mitambo katika kampuni moja ndogo ya kuuza intaneti hapa Nairobi. Tulikuwa na kiungo kikuu cha setilaiti na kiungo cha akiba. Kikuu kikikatika, mtu alipaswa kuamka, kuingia kwenye ruta na kubadilisha njia za wateja kwa mkono. Mtu huyo mara nyingi alikuwa mimi. Basi nikaandika skripti. Kila dakika tano iliingia kwenye ruta kama mtu, ikaandika jina na neno la siri, ikaagiza jedwali la njia lionyeshwe, kisha ikahesabu herufi kutoka ukingo wa kushoto ili kujua ni kiungo kipi kinafanya kazi. Nilijiona mjanja sana.

Usiku mmoja programu ya ruta ikasasishwa. Toleo jipya lilionyesha jedwali lile lile, ila safu moja ilikuwa imesogea herufi mbili kulia. Skripti yangu ikasoma takataka, ikaamua kiungo kikuu kimekufa, ikaziondoa njia za wateja. Mwenzangu wa zamu akaona simu zinalia, akaingia kwenye ruta na kuzirudisha. Dakika tano baadaye skripti ikaziondoa tena. Akazirudisha. Zikaondoka. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ruta imepagawa. Kumbukumbu za ruta hazikumsaidia, kwa sababu yeye na skripti tulitumia jina moja la kuingilia. Chuo kimoja kilichokuwa mteja wetu kilikaa bila mtandao hadi saa sita mchana, siku ya mwisho ya kutuma fomu za wanafunzi wake. Lawama ilikuwa yangu na niliistahili.

Lakini swali lililobaki kichwani lilikuwa hili: mbona ruta haikuwa na mlango wa programu? Kwa nini programu yangu ililazimika kujifanya mtu aliyekaa mbele ya kibodi? Na waandishi wawili wakitaka kuandika njia moja, ni nani anayeshinda?

Kwa wale wasiocheza na mambo haya, niwape picha kwanza. Ruta hupokea pakiti, hutazama anwani inakokwenda, kisha huitupa kwenye waya unaofaa. Uamuzi huo hutoka kwenye jedwali la njia. Kabla ya kituo cha KIXP kufunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti, ikazuru ng'ambo, ikarudi. (Kituo chenyewe kilifungwa muda mfupi baada ya kufunguliwa, Telkom Kenya ilipolalamika kwa mdhibiti, na kikarudi Februari 2002. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Kilichobadilika ndani ya mashine kituo kilipofanya kazi ni mistari michache tu katika majedwali. Ndiyo maana anayeweza kuandika mistari hiyo ana nguvu kubwa kuliko anavyoonekana.

Jambo moja zaidi la kukumbuka: majedwali ni mawili. La kwanza ni daftari la ruta, ambamo kila itifaki, iwe BGP, OSPF au njia iliyoandikwa kwa mkono, hupeleka mapendekezo yake. Ruta huchagua lililo bora. Washindi hunakiliwa kwenye jedwali la pili, dogo na la kasi, ambalo ndilo pakiti hulifuata. Historia yote ya jambo hili ni ya watu wakibishana ni jedwali lipi liachwe wazi kwa programu za nje, na kwa masharti gani.

Ajabu ni kwamba mlango mzuri ulikuwapo zamani. Ruta nyingi za mwanzo zilikuwa tarakilishi za kawaida zenye Unix. Katika 4.2BSD ya mwaka 1983 palikuwa na programu iitwayo routed, iliyojifunza njia kutoka kwa majirani na kuziandika ndani ya kiini cha mfumo. Kisha 4.3BSD-Reno ya mwaka 1990 ikaleta soketi ya njia. Programu yoyote yenye mamlaka ya msimamizi ingeweza kufungua soketi hiyo kama inavyofungua faili, kisha ikaandika ujumbe: ongeza njia hii, futa ile, badilisha hii. Jambo lililonifurahisha zaidi nilipolisoma ni kwamba kiini hakikunyamaza baada ya kutii. Kilituma nakala ya ujumbe kwa kila programu iliyokuwa ikisikiliza, pamoja na nambari ya mchakato uliotoa amri. Kama ruta yetu ya 2004 ingekuwa na kitu kama hicho, mwenzangu angejua kwa sekunde moja kwamba si mashetani.

Linux ilipofuata na mfumo wake wa netlink, iliongeza kitu kidogo chenye maana: kila njia hubeba alama ya aliyeiandika. Andika amri ya ip route kwenye mashine yoyote ya Linux utaona maneno kama proto kernel, proto static, au proto bird ikiwa umeweka BIRD. Lakini alama hiyo ni ya heshima tu. Kiini hakimzuii mtu mwingine mwenye mamlaka kuifuta njia yako. Ni kama kuandika jina lako kwenye chupa ya maziwa katika friji ya ofisi.

Aliyetia adabu katika mambo haya, kwa maoni yangu, ni Kunihiro Ishiguro wa Japani, aliyeanza mradi wa Zebra mwaka 1996. Badala ya programu moja kubwa inayojua kila itifaki, aligawa: bgpd kwa BGP, ospfd kwa OSPF, na kadhalika, kila moja mchakato wake. Wote hawa hawagusi kiini. Wanapeleka njia zao kwa karani mmoja aitwaye zebra, naye hulinganisha na kuandika zilizoshinda. Zebra ilizaa Quagga, na kutoka kwa Quagga ikatoka FRRouting iliyotangazwa mwaka 2017. Mpango wa karani mmoja umebaki.

Upande wa ruta za kununuliwa mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mtengenezaji alikuuzia sanduku, na sanduku lilikuwa na mlango mmoja wa maana: mstari wa amri. Kulikuwa na SNMP, ambayo kwenye karatasi iliweza kusoma na kuandika. Kusoma ilisoma vizuri, na michoro yote ya trafiki tuliyoitundika ukutani ilitoka huko. Kuandika, karibu hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo dunia nzima ilifanya nilichokifanya mimi: skripti zinazojifanya watu. Don Libes alikuwa ametoa Expect mwaka 1990 kwa kazi hiyo hasa, yaani kungoja neno fulani litokee kwenye skrini kisha kujibu. Kumbe sikuwa peke yangu katika ujinga wangu!

Juni 2002 bodi ya IAB iliwakusanya waendeshaji wa mitandao na waandishi wa itifaki huko Reston, Virginia, wazungumze waziwazi. Ripoti yake, RFC 3535 ya Mei 2003, ni hati ninayompa kila kijana anayeanza kazi hii. Waendeshaji walisema, kwa ufupi, kwamba SNMP haiwafai kwa usanidi, kwamba kukwangua maandishi ya skrini huvunjika kila toleo jipya linapotoka, na kwamba wanataka kutenganisha kile mtu alichokiagiza na kile ruta ilichojifunza yenyewe. Hati hiyo ilikuwa hadharani mwaka mzima kabla sijaandika skripti yangu. Sikuisoma.

Tunda lake lilikuwa NETCONF, iliyochapishwa Desemba 2006. Ilifuata nyayo za Juniper, ambayo tayari ilikuwa imeziwezesha ruta zake kupokea amri kwa XML. Sasa programu iliweza kuuliza na kujibiwa kwa muundo uliopangwa, siyo kwa kuhesabu herufi. Mwaka 2010 ikaja YANG, lugha ya kueleza umbo la data yenyewe. Kazi nzuri, nasema bila kinyongo. Ila NETCONF ilijengwa kwa ajili ya usanidi: mambo mtu anayoyaamua, yanayohifadhiwa, yanayobaki ruta ikizimwa na kuwashwa. Programu inayotaka kuhamisha trafiki kwa dakika kumi kwa sababu kiungo kimejaa haitaki kuandika kwenye katiba. Inataka kuandika kwenye ubao kwa chaki.

Waliokuwa na haraka wakapata ujanja, na ujanja huo naupenda hadi leo. Ruta hukataa programu, lakini haikatai jirani anayezungumza BGP. Basi fanya programu yako iwe jirani! Mwaka 2004 na 2005 watafiti wa AT&T na wenzao wa vyuo vikuu walichapisha mpango wa mashine moja inayoamua njia kwa niaba ya mtandao mzima na kuziambia ruta kwa BGP ile ile ya kawaida. Waendeshaji walitumia mbinu hiyo kuzima mashambulizi: tangaza njia ya anwani inayoshambuliwa ielekee shimoni, na ruta zote za ukingoni hutii kwa sekunde chache. Mwaka 2009 ikaongezwa Flowspec, inayopeleka ndani ya BGP hata kanuni za kuchuja pakiti. Facebook walieleza mwaka 2017 mfumo wao wa Edge Fabric, ambao huhesabu upya kila baada ya sekunde kama thelathini ni trafiki gani ihamishwe, kisha huidunga ndani ya ruta kwa BGP.

Angalia uzuri wake. Mazungumzo ya BGP yakikatika, ruta hufuta kila njia iliyotoka kwa jirani huyo. Programu ikifa, uongo wake hufa nayo, na mtandao hurudi kwenye njia za kawaida. Hakuna aliyeubuni ujanja huo kwa ajili ya programu, ila unafaa kupita kiasi.

Na angalia hatari yake. Tarehe 30 Agosti 2020, katika mtandao wa CenturyLink uliokuwa zamani wa Level 3, kanuni moja mbovu ya Flowspec ilisambaa na kuzuia BGP yenyewe isisimame. Mazungumzo yalipokatika, kanuni ilifutika. Yalipoanza upya, kanuni ilirudi, yakakatika tena. Sehemu kubwa ya intaneti iliyumba kwa karibu saa tano. Nilipoisoma taarifa ile nilimkumbuka mwenzangu wa zamu na njia zake zinazoondoka kila dakika tano.

Kundi la pili halikutaka ujanja, lilitaka mapinduzi. IETF ilikuwa na mradi wa ForCES, uliotenganisha ubongo wa ruta na mikono yake. Itifaki yake ilichapishwa mwaka 2010 na watengenezaji wengi hawakuigusa. Kilichoshika moto kilitoka Stanford. Martin Casado na wenzake walitoa Ethane mwaka 2007, na mwaka 2008 ikafuata OpenFlow: ondoa ubongo kwenye sanduku kabisa, acha jedwali la kasi tu, na mashine moja ya pembeni iliandike mstari kwa mstari. Kampuni ya Nicira iliyotokana na kazi hiyo ilinunuliwa na VMware mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.26. Kila mkutano wa teknolojia ulikuwa wimbo huo huo. Mimi sikuwahi kuupenda sana. Itifaki kama OSPF zimejifunza kwa miaka mingi nini cha kufanya waya unapokatika na hakuna wa kumuuliza. Kutupa hekima hiyo ili upate mlango ni kubomoa nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kazi niliyotaka kuieleza tangu mwanzo. Mwaka 2013 IETF iliunda kikundi cha I2RS, yaani kiolesura cha mfumo wa njia. Wazo lake lilikuwa la katikati: ruta ibaki na ubongo wake na itifaki zake, lakini ndani yake awepo wakala anayepokea programu kutoka nje. Usanifu wake ni RFC 7921 ya Juni 2016, iliyoandikwa na Alia Atlas, Joel Halpern, Susan Hares, Dave Ward na Thomas Nadeau. Programu haiandiki kwenye jedwali la kasi. Inapeleka njia kwenye lile daftari la kwanza, ishindane na za BGP na OSPF kwa kanuni zile zile.

Niliisoma hati hiyo kama mtu anayesoma hukumu ya kesi yake. Kila programu ina utambulisho wake uliothibitishwa, na kila utambulisho una kipaumbele. Programu mbili zikigombania kitu kimoja, mwenye kipaumbele kikubwa anashinda. Wakilingana, aliyetangulia anabaki. Aliyeporwa anaarifiwa. Na hati inasema wazi kwamba mgongano wa namna hiyo ni kosa, siyo njia ya kawaida ya kufanya kazi: kanuni ipo ili matokeo yatabirike, mtu apate kutengeneza. Wakala hamtunzii aliyeshindwa njia yake akisubiri zamu. Hati nyingine, RFC 7922, inaeleza jinsi ya kuweka kumbukumbu za nani alifanya nini na saa ngapi. Nikalinganisha na usiku wetu: jina moja la kuingilia, hakuna kipaumbele, hakuna taarifa, na wa mwisho kuandika ndiye mshindi kwa dakika tano.

Uamuzi mwingine mkubwa ulikuwa kwamba kila kilichoandikwa kupitia mlango huo ni cha kupita. Ruta ikizimwa na kuwashwa, kinapotea, na wakala huwaarifu wateja wake kwamba ameanza upya ili waandike tena. Ile chaki ya ubaoni. Hapa nina ugomvi nao mdogo. Usanifu haukulazimisha programu ibaki imeunganishwa, kwa hiyo programu ikifa kimyakimya, njia zake zinaendelea kuishi mpaka mtu azifute au ruta izimwe. Ujanja wa BGP ulikuwa na akili zaidi katika hilo. Wenyewe walikuwa na sababu: hawakutaka mtandao ubadilike kila muunganisho mmoja unapokohoa. Sababu nzuri, lakini mimi nimewahi kuacha skripti yatima.

Chaki hiyo ndiyo iliyowachelewesha. Walikuwa wameamua kutumia NETCONF na YANG badala ya kubuni itifaki mpya, na humo hapakuwa na mahali pa kitu ambacho programu imekiandika lakini si usanidi wa kudumu, wala si hesabu iliyojikusanya yenyewe. Mabishano yalikwenda miaka. Masharti ya hali hiyo ya kupita yalichapishwa Septemba 2017, na mpangilio mpya wa hifadhi za data ulioacha nafasi yake ukaja Machi 2018. Muundo wa daftari la njia lenyewe, RFC 8431, ulitoka Septemba 2018. Miaka mitano tangu kuanza! Wenye haraka walikuwa wameshaondoka.

Kilichosalia na kutumika sana ni kitu ambacho wengi hawajui kilitoka kwao: RFC 8345, muundo wa YANG wa kueleza ramani ya mtandao, nukta na viungo vyake. Na maswali yao hayakupotea. Katika OpenConfig kuna gRIBI, itifaki ya kupeleka njia kwenye daftari la ruta. Programu inapofungua mazungumzo huulizwa mambo machache: je, uko peke yako au kuna kiongozi mmoja aliyechaguliwa kati yenu? Muunganisho ukikatika, njia zako zifutwe au zihifadhiwe? Unataka jibu njia ikifika kwenye daftari tu, au hadi iingie kwenye jedwali la kasi? Ugomvi wangu kuhusu skripti yatima umegeuzwa kuwa chaguo ambalo programu hulitamka mwanzoni, kabla haijaandika hata njia moja.

Jumamosi iliyopita niliwasha mashine mbili za Linux mezani, nikaweka FRRouting, nikaandika upya ile njia.pl ya 2004 kwa mistari thelathini tu: inazungumza na jirani kwa BGP, inatangaza njia ya akiba, na haikwangui skrini ya mtu. Nikaiua katikati ya kazi kwa makusudi. Jirani akafuta njia, trafiki ikarudi kwenye kiungo kikuu. Nimempigia simu yule mwenzangu wa zamu kumweleza. Yuko Eldoret siku hizi, anafuga ng'ombe wa maziwa, na bado anasema ruta ile ilikuwa na mashetani.